Ombi la Bastola ya Kuvaliwa Chini ya Kanzu

Ibra, Alkhamisi, 14 Machi 2002

Kwa shemeji yangu mpenzi na mheshimiwa,
Khalaf bin Sleyum,
Nizwa.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeshakunywa kahawa, kwa sababu si ya kusomwa na tumbo tupu. Sisi huku Ibra hatujambo. Dada yako Azza hajambo, ingawa goti lake la kushoto linatabiri mvua ambayo hainyeshi. Mimi pia sijambo kwa mwili. Kwa mambo mengine, ndiyo nakuandikia.

Nisikuzungushe. Naomba rukhsa ya kuchukua bastola. Iwe ndogo, ya kuvaliwa chini ya kanzu, isionekane na mtu, kwa ajili ya kujilinda nafsi yangu katika shughuli zangu za kila siku: kwenda sokoni, msikitini, kwa kinyozi, shambani kumwagilia mitende, na kurudi. Najua rukhsa kama hiyo haitoki kwako. Lakini wewe umefanya kazi serikalini miaka ishirini na saba, unajua karatasi gani hupelekwa dirisha gani, na nani akiletewa huiweka chini ya karatasi nyengine. Mimi Kiarabu changu cha kuandikia unakijua. Mara ya mwisho nilipojiandikia mwenyewe niliomba umeme wa shambani, wakaja watu wawili kutaka kununua punda.

Utanambia: Marzouq, si unayo khanjari? Ninayo, ya marehemu baba, na naivaa Idi na harusini kama kila mwanamme wa hapa. Lakini khanjari imekaa mbele ya tumbo, kila mtu anaiona, na kwa kuwa kila mtu anayo, hakuna anayemtisha mwenziwe. Isitoshe, yangu imegoma kutoka katika ala yake tangu mwaka wa tisini na saba. Idi iliyopita nilijaribu kuichomoa mbele ya kioo, ikatoka pamoja na ala, mkanda na vyote. Na ile bunduki ya babu iliyotundikwa barazani inanizidi kimo. Siwezi kwenda nayo kwa kinyozi.

Kwa hivyo nimeona nikuwekee sababu zangu moja moja, kwa nambari, halafu wewe uzitafsiri na kuzipanga namna inayopendeza serikalini.

1. Mlango.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Hamed bin Yaarub, mzaliwa wa hapa hapa Ibra, rika langu. Kila siku asubuhi huingia uani kwangu. Haji mikono mitupu: mkono mmoja una chupa ya kahawa, wa pili una sahani ya tende au halua. Hodi anapiga, lakini anaipiga akiwa ameshafika katikati ya ua, na mara nyengine akiwa ameshakaa. Mwezi wa Shaabani alinikuta nimesimama bombani, nina shuka moja tu kiunoni na povu la sabuni machoni. Nikasikia mtu anakohoa hatua mbili kutoka nilipo. Shemeji, mtu mwenye sabuni machoni ana silaha gani? Nilimtupia kopo, likampata begani. Akaliokota, akalijaza maji, akanimwagia kichwani kuondoa povu, kisha akasema, "Kahawa inapoa."

Siku ya pili nilimwendea kumweleza, kwa adabu kabisa, kwamba mtu hubisha mlango kisha akangoja. Alifikiri kidogo, akanijibu, "Nikibisha nitakusumbua. Huenda umelala." Tena Azza humrudishia sahani zake zimejaa sambusa, naye kesho yake anarudi na sahani nyengine. Hali hii haionekani kuwa na mwisho kwa njia za amani.

2. Njia.

Mwaka uliopita tulikuwa tunarudi kutoka Maskati, mimi na Azza, tulikwenda kuwaona watoto. Bidbid tukasimama mkahawani kunywa chai. Unapajua, pale njia inapogawika, moja yaenda kwenu Nizwa, moja yaja kwetu na kuendelea mpaka Sur. Hatujafika mbali katika njia yetu, nikaona kwenye kioo gari nyeupe, Landkruza, imetushika mgongo. Inawasha taa, inazima. Inapiga honi. Nikaongeza mwendo, nayo ikaongeza. Nikaongeza tena mpaka ile kengele ya gari inayolia ukipita mia na ishirini ikaanza, ikalia kilomita arubaini bila ya kupumzika.

Azza kanambia, "Simama umsikilize. Huenda ana haja."

Nikamwambia, "Haja yake ndiyo hiyo ninayoikimbia."

"Anapunga mkono."

"Wote hupunga."

Kule Bujumbura tulikotoka, shemeji, gari ikikufuata namna ile husimami. Wewe ulitangulia kuja huku, hukuyaona ya mwisho. Jasho lilinitoka mpaka usukani ukawa unateleza. Kilichomaliza mambo ni petroli. Mshale ulikuwa umelala, sikuwa na njia ila kuingia kituoni. Landkruza ikaingia nyuma yangu. Akashuka mtu wa makamo, ndevu zimeingia mvi, kanzu safi, kilemba kimefungwa vizuri, na mkononi ameshika mkoba wa Azza. Tuliusahau juu ya kiti mkahawani, na ndani yake mlikuwa na dawa zake za presha na pasipoti zetu mbili.

Jina lake Thuwaini, mtu wa Manah. Alikuwa anakwenda zake nyumbani kwa njia ya Nizwa. Aligeuza gari kwa ajili yetu, akatufukuza kilomita sitini katika njia isiyokuwa yake, na alipotufikia akatuomba radhi kwa kutushtua. Azza alilia. Mimi nilijishughulisha na kifuniko cha tangi.

Nataka uizingatie khatari iliyokuwapo. Ningekuwa na bastola siku ile ningempiga kupitia kioo cha nyuma, kabla hata hatujamaliza kilomita ya ishirini. Na kwa kuwa sina mazoezi ya kupiga huku naendesha, ningeweza kumkosa. Hili linaonesha jinsi ilivyo lazima nipatiwe bastola mapema, nipate muda wa kujizoeza. Mtu yule sasa ameijua nyumba yetu. Kila baada ya wiki mbili tatu hupita akatuletea malimau ya shambani kwake. Hana anachotaka. Nimemchunguza.

3. Kinyozi.

Kila Alkhamisi mtu nisiyemjua ukoo wake huniinamisha kichwa na kuniwekea wembe shingoni. Yeye ameshika wembe, mimi nimeshika gazeti. Sina la kuongeza hapa.

4. Sababu hii inatokana na bidii yangu mwenyewe.

Nilisema nisije nikapewa rukhsa nami sijajua kuvaa. Kwa hivyo tangu mwezi wa Januari natembea na nyundo, ili nizoee uzito. Nilikwenda kwa fundi cherahani sokoni anitilie mfuko wa ndani, chini ya kwapa la kushoto. Akaniuliza mfuko wa kitu gani. Nikamwambia ni siri. Kufika alasiri mji mzima unajua kwamba Marzouq ana siri ya urefu wa shibiri moja na nusu, kwa sababu fundi alikuwa ameshapima.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, ila bega moja lilishuka na watu wakamwuliza Azza kama nimepatwa na kiharusi. Ijumaa ya pili nilikuwa safu ya mbele. Nilipokwenda sijida nyundo ikateleza, ikatokea shingoni mwa kanzu, ikapiga sakafu pale zulia linapoishia. Nadhani mlio wake mliusikia Nizwa. Imamu akaendelea na sala mpaka mwisho, akatoa salamu, akanigeukia taratibu, akasema, "Allah akulipe kheri, Marzouq. Rafu ya viatu imelegea wiki ya tatu sasa, na hakuna aliyekumbuka kuja na nyundo."

Nifanye nini? Niliigongomea. Watu wote wamesimama wananitazama, na mmoja ananishikia misumari.

Tangu siku ile siri yangu inakwenda kwa zamu. Jumapili banda la mbuzi la Hamed. Jumatatu kitanda cha mjukuu wa imamu. Jumanne akaniita Bi Turkiya, yule mjane wa Kiunguja anayekaa karibu na skuli ya zamani, nimtundikie picha ya marehemu mumewe. Nikaitundika. Akaona imekwenda upande. Nikaitundika tena, akaona sasa marehemu anautazama mlango, na uhai wake alikuwa haupendi mlango. Mara ya tatu akaridhika, akanikalisha chini, akanipa mkate wa kumimina, na hakuniacha niondoke mpaka nimeumaliza wote. Wananiita Najjari, yaani seremala, mimi niliyekuwa na duka la jumla. Mtu akinipa mkono huangalia kwanza kwapa langu. Silaha inayojulikana na msikiti mzima haiwezi kuitwa ya kuficha, na hili peke yake latosha kuonesha kwamba nyundo haiwezi kushika nafasi ya bastola.

5. Furaha za watu.

Utakumbuka harusi ya binti wa mdogo wangu Asaad, kule Sur. Wewe hukuweza kuja kwa sababu ya kazi. Wanaume walikuwa wamepanga safu, wanaimba, na wazee wawili wakapiga bunduki za baruti hewani, kama ilivyo ada yao. Kila mtu alipiga vigelegele na makofi. Mimi nilijikuta chini ya meza ya mabirika ya kahawa. Sikumbuki kwenda. Na chini ya meza ile nilimkuta mtu mwengine ameshafika, amejikunyata, kilemba kimemfika puani. Alikuwa Asaad, baba wa bibi harusi.

Akaniuliza, "Umefika lini?"

Nikamwambia, "Sasa hivi."

Baruti ikalia tena. Asaad akanishika mkono, kama alipokuwa mdogo tukivuka barabara, na hakuuachia mpaka wale wazee walipokwisha. Kisha tukatoka, kila mmoja kwa upande wake, tukajifanya tulikuwa tunatafuta vikombe. Naona si heshima kwa mtu wa umri wangu kujilinda kwa kutumia meza. Meza hazipo kila mahali.

6. Soko la Jumatano. Sababu hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili.

Unalijua soko letu la wanawake, wanaume hatuingii. Nilimpeleka Azza, nikabaki garini, vioo nimevipandisha kwa ajili ya vumbi, injini nimeizima. Jua likapanda. Nikalala. Nilichokuja kukijua ni mlango unafunguliwa kwa nguvu, mkono umenikamata kifuani, na maji ya baridi yamenipata usoni. Sikufikiri. Nyundo ilitoka kwapani kama kitu nilichokizoea maisha yangu yote, na nikainyanyua. Mbele yangu alikuwa bibi kizee wa Kibedui, barakoa usoni, chupa ya maji mkononi, na nyundo imebaki shibiri moja kufika kwenye paji lake.

Hakurudi nyuma. Aliitazama nyundo, akanitazama mimi, akawaambia wenziwe waliokuwa nyuma yake, "Bismillah, yu hai. Joto limempanda kichwani. Mpeni tena maji."

Kumbe walinigongea kioo muda mrefu wasipate jibu, wakadhani nimeshakufa. Walinitoa, wakaniweka kivulini, wakanipepea kwa kipande cha boksi. Azza alipokuja na kapu lake alinikuta nimezungukwa na wanawake sita, na nyundo iko kwa yule bibi, anavunjia lozi za kunilisha.

Nimelitafakari sana tukio lile, na nimegundua kasoro kubwa ya nyundo. Ni nzito. Tangu unapoinyanyua mpaka unapopiga, pana nafasi katikati, na katika nafasi hiyo mtu anaweza kumwona aliye mbele yake. Mimi nilimwona. Nilimwona mpaka wanja wake, ulivyoingia katika mikunjo ya macho. Bastola haina kasoro hiyo. Kidole kinakwenda, na kazi imekwisha.

7. Sababu ya mwisho ni ya zamani, na ndiyo iliyozizaa hizo nyengine.

Asaad alikuwa na bastola Bujumbura. Alisema ni ya kujilinda, akawa anaichomeka kiunoni, chini ya shati. Aliivaa miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu ililia mara moja tu, siku aliyoketi ghafla juu ya kigoda, na risasi ikampata Asaad pajani. Ndiyo maana mpaka leo, huko Sur aliko na duka lake la vipuri, anatembea kama mtu aliyeangusha kitu na anakitafuta. Mimi nasema kosa lilikuwa la kigoda. Yeye hataki kulizungumza.

Alipokuwa hospitali niliichukua mimi, nikaificha ghalani ndani ya gunia la sukari, kwa sababu Azza hakutaka kuiona nyumbani. Ndipo ukaja mwaka wa fujo. Siku waliyotujia dukani walikuwa kiasi cha watu kumi, wana mapanga na marungu. Mimi nikakimbilia ghalani. Nikatia mkono katika gunia la kwanza, hamna. La pili, hamna. Shemeji, nilikuwa na magunia thelathini na mawili, na nilikuwa nimesahau ni lipi. Nikapasua na kumwaga, nikapasua na kumwaga, sukari imenifika magotini, na huku naisikia sauti ya Azza nje.

Alikuwa ameufungua mlango mwenyewe. Hakuwa na kitu mkononi ila ufagio, kwa sababu walimkuta anafagia. Akasema nao kwa Kirundi. Mmoja wao alikuwa anamjua, akamwuliza, "Mguu wa mama yako umepona?"

Yule mtu akasema bado.

Azza akamwambia, "Basi humpaki ile dawa niliyokupa. Nilikwambia mara mbili kwa siku, si mara moja."

Mimi mkono wangu uko ndani ya gunia la kumi na tisa, sithubutu kuutoa. Kisha nikasikia vitu vinabebwa. Wakachukua redio, majora sita ya kitambaa na saa ya ukutani, wakaenda zao.

Nilipotoka nilikuwa nayo bastola mkononi, mweupe kwa sukari tangu nywele mpaka miguu. Palikuwa hapana mtu ila Azza. Akanitazama, akasema, "Irudishe kwenye sukari." Halafu ndipo akakaa chini mlangoni. Wiki ile ile tukaitupa ziwani.

Nilichelewa kwa dakika mbili. Ingekuwa mwilini mwangu ningewahi. Miaka minane hii nimekuwa nikirudi katika dakika mbili zile, kila mlango ukilia, kila gari ikipunguza mwendo nyuma yangu, na kila mara natoka ghalani mapema zaidi kuliko jana. Tumehama nchi, tumepata nyumba, hapa Ibra sijaibiwa hata ndoo. Lakini ipo sehemu yangu ambayo bado iko ghalani inapekua magunia. Hiyo ndiyo inayoomba bastola, shemeji. Mimi naiandikia tu.

Kwa hivyo, pamoja na heshima zote, naomba yafuatayo yaingizwe katika maombi. Bastola ziwe mbili, kwa sababu kanzu hufuliwa, na nachelea siku moja nitaisahau moja katika nguo chafu. Iandikwe wazi kwamba ni za kuficha. Lakini kwa kuwa silaha isiyojulikana haimtishi mtu, naomba pia kibao kidogo cha kutundika mlangoni, chenye muhuri, kiwajulishe wapitao kwamba mwenye nyumba hii amevaa kitu kisichoonekana. Vile vile Hamed apewe yake, maana si uungwana mimi nimpokee nina silaha na yeye ana halua. Ila ya kwake ichelewe kidogo kuliko yangu, siku kumi hivi. Na imamu naye apewe, kwa kuwa atakuwa anasali mbele yetu sote wawili na ametupa mgongo. Bi Turkiya akisikia atataka, na sioni sababu ya kumnyima, umri wake unaruhusu. Kinyozi asipewe. Yeye wembe wamtosha. Thuwaini yuko upande wenu, mtazameni nyinyi.

Mji ukishakuwa hivyo, kila mtu amevaa na hakuna anayeonekana, naamini nitaweza kulala mchana bila ya wasiwasi, na huenda hata nikauacha mlango wazi.

Naliweka jambo hili mikononi mwako, nikijua kwamba hukuwahi kunivunja moyo ila mara mbili, na zote mbili ulikuwa na udhuru. Mpe salamu zangu Bi Rawya, mwambie ile achari yake imekwisha na chupa iko tayari kurudi. Nisalimie Nizar na mkewe. Alyaa mwambie nimefurahi kusikia anasomea meno, na meno yangu yaliyobaki yanamsubiri amalize. Mama mkono wake nambusu. Na jamaa wote wa mtaani kwenu wanaonijua, na wale wasionijua pia, maana huenda siku moja tukakutana njiani.

Mimi ni shemeji yako anayekuheshimu, mwenye nia safi na bega la kushoto lililoshuka,

Marzouq bin Azzan

Nyongeza, Jumamosi.

Barua ilikuwa imeshafungwa. Azza akaifungua kwa mvuke wa birika ili atie salamu zake, kwani wewe ni kaka yake na hapendi nikuandikie peke yangu. Akaisoma yote, amesimama, miwani iko ncha ya pua. Nilingoja acheke au agombe. Hakufanya lolote katika hayo. Alipofika kwenye sukari akaniwekea mkono begani, lile lililoshuka. Kisha akauliza, "Rukhsa hii huombewa kila mtu, au huombewa nyumba nzima?"

Nikamwambia nadhani kila mtu.

"Vizuri. Basi na mimi niombee." Akachukua kalamu yangu, akaingia jikoni.

Wali ulipoiva alitoka na karatasi, pande zote mbili zimejaa, sababu zake kwa nambari na kwa tarehe. Nimezisoma mara nne. Katika miaka thelathini na moja tuliyokaa pamoja sijapata kumwona dada yako akirusha kitu akakosa.

Kwa hivyo naliondoa ombi langu, lote, pamoja na kibao. Nimeitazama upya hali ya usalama hapa Ibra na nimeona inatosha kama ilivyo. Ukishaisoma barua hii ichane, na vipande uvichome.

Sababu zake ni kumi na moja. Ya kwanza mpaka ya kumi ni mimi. Ya kumi na moja ni wewe, kwa kuniozesha.